Mwana Shaba ni Nani? Tahakiki ya Masimulizi ya Ziara ya Kipushi

Ziara ya mahali pa kihistoria ni aina ya masimulizi. Ina msimulizi wake, yaani kiongozi wa msafara. Ina wasikilizaji wake. Ina mwanzo, kati na mwisho. Na kama masimulizi yote, ina mambo inayoyatamka na mambo inayoyanyamazia. Kwa sababu hiyo yaweza kuhakikiwa kama vile hadithi au tamthilia inavyohakikiwa. Mhakiki wa fasihi aliyezoea kutafuta kazi yake ndani ya vitabu tu huenda akalionea shaka jambo hili. Lakini katika nchi ambamo habari nyingi za kazi na za maisha ya mji hazikuandikwa, bali zilisemwa, ni vigumu kueleza kwa nini masimulizi yanayosemwa mbele ya shimo la mgodi yaepuke jicho la mhakiki.

Makala haya yanahusu Kipushi, mji mdogo wa machimbo ulioko kilomita thelathini hivi kusini-magharibi ya Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Wanafunzi na wageni wanaotaka kuuona urithi wa machimbo ya Katanga pasipo kusafiri hadi Likasi au Kolwezi wanaweza kwenda huko na kurudi siku ile ile. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mgodi wa Kipushi, kama migodi mingine ya Katanga, husimuliwa kwa njia mbili: njia ya vipimo na njia ya maombolezo. Njia hizo zinaonekana kupingana. Hata hivyo zina kasoro moja, nayo ni kwamba zote mbili zinamnyima mchimbaji ujuzi wake. Ya kwanza humwondoa katika sentensi, ya pili humfanya mtoto. Na neno la Kiswahili ambalo mchimbaji huyo aliitwa kwalo, mwana Shaba, lina maana nyingine iliyosahauliwa, ambayo ingeweza kuisahihisha ziara nzima.

1. Mahali penyewe

Kabla ya kuyahakiki masimulizi, yafaa kutaja kwa ufupi mambo ambayo hayabishaniwi. Shaba ya Katanga ilijulikana na kuyeyushwa karne nyingi kabla ya kuja kwa Wazungu. Misalaba midogo ya shaba, iitwayo handa, ilikuwa mali ya kubadilishana na ilizikwa pamoja na wafu katika makaburi ya bonde la Upemba; mitatu kati ya misalaba hiyo ilichorwa katika bendera ya Katanga ya 1960-1963. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, ikaanza kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi 1911, na uchimbaji wake huko Kipushi ukaanza 1924. Mgodi ulipewa jina la Prince Léopold, yule mwana wa mfalme wa Ubelgiji aliyetawala baadaye, tangu 1934 hadi 1951, kwa jina la Léopold wa Tatu. Kazi ilianza kwa shimo la wazi, kisha ikaingia chini ya ardhi.

Baada ya serikali kuitwaa mali ya Union Minière, mwanzoni mwa 1967, mgodi ulikuwa mikononi mwa kampuni ya taifa ambayo ilikuja kuitwa Gécamines. Mwaka 1993 uchimbaji ulisimama, maana fedha za kigeni za kuuendesha zilikosekana. Mawe ya madini hayakupandishwa tena, ila pampu ziliendelea kuvuta maji. Mwaka 2011 pampu za chini ziliharibika, maji yakapanda; kazi ya kuyaondoa ikaendelea hadi mwisho wa 2013 ndipo watu walipoweza kufika tena kwenye ngazi kuu ya mita 1,150. Katika Juni 2024, kiwanda kipya cha kusafishia zinki kilianza kutoa mali, chini ya ubia wa Ivanhoe Mines ya Kanada na Gécamines. Hivyo Kipushi si kaburi, wala si jumba la makumbusho. Ni mahali pa kazi ambapo kuna mabaki ya kazi ya zamani: mnara wa chuma juu ya shimo la kushukia, shimo la wazi la siku za mwanzo, malundo ya uchafu wa madini, na nyumba za kambi zilizojengwa kwa mistari.

2. Simulizi la vipimo

Simulizi la kwanza ni lile la kampuni, na linasomeka waziwazi katika taarifa zake. Lugha yake ni tarakimu. Shimo namba 5 lina upana wa mita 8 na kina cha mita 1,240. Kati ya 1924 na 1993 zilichimbwa tani milioni 60 hivi za mawe yenye zinki asilimia 11 na shaba asilimia 7. Asikiaye tarakimu hizo hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu. Tani milioni 60 zilizotolewa katika shimo moja la mji mmoja mdogo si jambo dogo. Tena tarakimu zina heshima yake: haziwezi kugeuzwa kwa urahisi na mpenda kusifu wala na mpenda kulaumu.

Lakini mwanaisimu hutazama jinsi sentensi zenyewe zilivyoundwa. Zilichimbwa. Zilisafishwa. Zilipelekwa. Lilifunguliwa. Lilifungwa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo hudai, au angalau hukaribisha, kiungo na kitakachomtaja mtenda: zilichimbwa na nani? Simulizi la vipimo hukatika daima kabla ya na. Msikilizaji hupewa kitendo kikubwa kisicho na mtenda, kana kwamba ardhi ilijifungua yenyewe na mawe yakapanda kwa miguu yao hadi kiwandani. Si sahihi kusema kwamba jambo hili ni uongo. Ni sentensi iliyoachwa nusu, na kwa kuwa inarudiwa mara nyingi, sikio hulizoea pengo hilo hata lisisikike tena.

Pale ambapo watu wanatajwa, wanatajwa kwa namna ya kufundisha. Mbali na jina la Prince Léopold lililopewa mgodi, mawe yenyewe yana majina. Kipushi inajulikana na wataalamu wa madini wa dunia nzima kwa sababu baadhi ya madini yalielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mawe yake. Mojawapo liliitwa renierite, 1948, kwa heshima ya Armand Renier, mtaalamu wa jiolojia wa Ubelgiji. Jingine liliitwa briartite, 1965, kwa heshima ya Gaston Briart, aliyeyachunguza mawe ya Kipushi. Hiyo ndiyo desturi ya sayansi, wala hakuna haja ya kuwaonea wivu wataalamu hao. Hata hivyo, tokeo lake linafaa kuzingatiwa. Mgodi ulibeba jina la mwana wa mfalme, na mawe yanabeba majina ya mabwana wa maabara. Katika orodha hiyo hakuna hata mmoja aliyelivunja jiwe kwa mkono wake.

3. Simulizi la maombolezo

Simulizi la pili ni la watu wa kambi, na husemwa kwa sauti tofauti kabisa. Linajulikana Katanga nzima: kampuni ilikuwa baba, kampuni ilikuwa mama. Ili kulielewa inabidi kukumbuka jinsi kambi zilivyoundwa. Katika miaka yake ya kwanza, Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha Lomami, Kasaï, na Rwanda-Urundi. Wengi walikuja peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, wengi wakafa, na waliobaki wakarudi kwao mara tu walipokwisha kuizoea kazi. Hali hiyo iligharimu sana. Tangu miaka ya mwisho ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: ikawataka wanaume walete wake zao, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, nyumba, posho, hospitali, na shule ya watoto. Mtoto aliyezaliwa kambini aliweza kupimwa, kulishwa, kufundishwa na hatimaye kuandikwa kazini na mkono uleule.

Ndipo likazaliwa neno la baba na mama. Na ndiyo sababu anguko liliumiza namna lilivyoumiza. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka; Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka; na mwaka 1994 shaba ya mwaka mzima haikufika tani 50,000. Mishahara ilichelewa, halafu ikakosekana kwa miezi na miezi. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosimamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mgeni anayepita kambini na kuonyeshwa hospitali, shule na nyumba huku akiambiwa kwamba zamani kulikuwa na unga, samaki na mafuta kila juma, anasikia ukweli. Hakuna mhakiki mwenye adabu atakayemwambia mzee aliyefanya kazi chini ya ardhi kwamba hakuiona posho aliyoiona.

Pamoja na hayo, simulizi hili nalo lina kimya chake. Kwanza, posho haikuwa zawadi. Ilikuwa sehemu ya malipo ya kazi, iliyotolewa kwa chakula badala ya fedha. Baba alisha kwa jasho la mwana, na kwa njia hiyo aliweza pia kuangalia ndani ya chungu, ndani ya nyumba na ndani ya ndoa. Mkubwa wa kambi alikuwa na neno hata pale ambapo mjomba na shangazi ndio wangesema. Pili, simulizi la baba na mama halina mahali pa kuweka Desemba 1941. Siku ya tarehe 9 ya mwezi huo, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma kudai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Gavana Amour Maron alikuwapo. Askari walipiga risasi. Watu wengi waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyo, aliyekuwa msemaji wao. Mtoto aweza kulia mbele ya baba yake, aweza kuomba, aweza hata kununa, lakini mtoto hadai. Basi kila ziara inayoanza na kuisha kwa neno baba hulazimika kuiruka siku ile, maana siku ile waliosimama uwanjani walikuwa watu wazima wenye hesabu mkononi.

Tatu, simulizi hili huwasahau wanawake, au huwataja kama wajane wa kampuni tu. Historia ya jamii ya wafanyakazi, hasa kama ilivyofanyiwa utafiti na Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, inaonyesha kinyume. Mishahara ilipokosekana, ni wake na watoto waliozibeba nyumba, kwa kulima mashamba nje ya mji na kwa biashara ndogo ndogo ya sokoni. Wao ambao kampuni iliwahesabu kama midomo ya kulishwa ndio waliolisha. Ziara inayoonyesha mnara wa chuma na kupita sokoni pasipo neno imeacha nusu ya historia ya mgodi barabarani.

4. Neno mwana

Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti la wafanyakazi wake, ikaliita Mwana Shaba. Jina hilo lilidumu, likawa jina la watu wenyewe: bana Shaba. Dibwe alipotoa kitabu chake cha 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, alikiita kwa Kifaransa kwa maneno yenye maana ya bana Shaba waliotupwa na baba yao. Jina la kitabu linaeleza vizuri fikira ya watu wa kambi, tena kwa uchungu unaostahili. Lakini linapokaririwa na kiongozi wa ziara bila kuchunguzwa, linafunga mlango: ikiwa kampuni ni baba, mchimbaji ni mtoto, na baba akitoweka, mtoto ni yatima, naye yatima hana la kufanya ila kungoja baba mwingine. Sasa mgodi una wabia wapya, na tangu 2024 una kiwanda kipya. Hatari ya kuwaita baba nao ni dhahiri.

Hapo ndipo elimu ya lugha inapoweza kusaidia. Neno mwana katika Kiswahili halina maana moja. Likisimama peke yake, lina maana ya mtoto, aliyezaliwa na fulani. Likiungana na nomino nyingine, aghalabu huacha maana hiyo. Mwanachama si mtoto wa chama, ni mtu mwenye sehemu na sauti katika chama. Mwananchi si mtoto wa nchi kwa maana ya kulelewa nayo, ni mwenye haki katika nchi. Mwanasheria ni mtu aijuaye sheria. Na mwanamaji hakuzaliwa na bahari, wala bahari haikumpa posho. Ni mtu aliyejifunza maji hata akajua lini ya kutulia na lini ya kuua. Kwa kanuni hiyo hiyo ya uundaji wa maneno, mwana shaba ni mtu aijuaye shaba: ajuaye sauti ya mwamba kabla haujaanguka, ajuaye rangi ya jiwe lenye mali na ya jiwe tupu, ajuaye kumfundisha mgeni wa kazi wapi pa kuweka mguu.

Yawezekana pingamizi mbili zikatolewa. Ya kwanza ni kwamba maneno kama mwanasheria na mwanachama ni ya shule na ya vitabu, na kwamba masikio ya kambini, yaliyozoea Kiswahili cha Katanga, husikia katika bana watoto tu. Pingamizi hili lina nguvu, lakini si la kushinda. Katika Kiswahili cha Katanga pia, mtu mwenye mvi huhesabiwa bila shida miongoni mwa bana Lubumbashi, wala hakuna anayemchukua kuwa mtoto. Ni mtu wa mahali, mwenye mji. Pingamizi la pili ni kwamba kampuni, ilipolichagua jina, ilikusudia mtoto na si mjuzi. Huenda. Lakini mtoa jina hawi mwenye neno milele. Neno likiisha kuingia vinywani mwa watu, wao ndio walimaji wake.

Kuna lakini la tatu, lililo zito kuliko hayo mawili, nalo latoka katika historia. Mwana wa mahali ni maana inayoweza kugeuka silaha. Kuanzia 1992, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa kutoka miji ya Katanga, nao wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa reli pamoja na familia zao. Baadhi yao walizaliwa kambini, na wazazi wao vilevile. Waliambiwa kwamba wao si wana wa hapa. Uchimbaji wa Kipushi ulisimama katika kipindi kile kile, na ziara ikitaja mwaka 1993 kwa sababu ya fedha za kigeni pekee, inasimulia kufungwa kwa mgodi pasipo kusimulia kuvunjika kwa jamii iliyouendesha. Hivyo maana tatu za mwana zinapambana katika neno hilo moja: mwana kwa kulelewa, mwana kwa kuzaliwa, na mwana kwa ujuzi. Ya kwanza huzaa yatima. Ya pili, ikitumiwa vibaya, huzaa mfukuzwa. Ya tatu pekee haimuulizi mtu baba yake alitoka wapi. Humuuliza anajua nini na alifanya nini.

5. Urithi usioonyeshwa

Ikiwa mwana shaba ni mjuzi, basi urithi wa Kipushi hauko katika chuma na saruji tu, bali pia katika maneno ambayo ujuzi huo ulisemwa kwayo. Na maneno hayo, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiswahili. Jambo hili lina historia yake. Katika miaka ya mwanzo lugha ya amri migodini ilikuwa mara nyingi Fanagalo, iliyopandishwa kutoka machimbo ya kusini. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa 1986, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyochukua mahali pake katika Katanga, kwa sababu za kisiasa za Wabelgiji waliotaka kujitenga na Waingereza wa Rhodesia, na pia kwa matendo ya wasemaji wenyewe. Mtu wa Lomami, mtu wa Kasaï na mtu wa Rwanda walikutana shimoni, na lugha waliyoijenga pamoja ilikuwa sehemu ya usalama wao: asiyeielewa sauti ya onyo angeweza kuua na kufa.

Baadhi ya maneno ya kambi yalisafiri mbali kabla ya kufika. Posho lilikuwa neno la misafara, chakula cha siku cha wapagazi waliotoka pwani kuingia bara. Kapita, msimamizi wa watu, lina asili ya Kireno. Njia zilizoyaleta ni zile ambazo Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyetawala Bunkeya hadi kuuawa kwake Desemba 1891, aliuza nazo shaba na pembe. Neno moja la posho, likielezwa vizuri mbele ya ghala la kambi, lingemfundisha mwanafunzi kwamba utaratibu wa kumlipa mtu kwa chakula ni wa zamani kuliko Union Minière, na kwamba kampuni iliukuta, ikauchukua, ikaupima kwa mizani.

Kwamba watu wa kazi waweza kusimulia historia yao kwa Kiswahili chao si dhana tu. Mwaka 1965, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, André Yav aliandika historia ya Élisabethville katika Kiswahili cha Katanga, ikapigwa chapa kwa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Fabian aliichapisha na kuieleza 1990. Tahajia yake haikufuata shule, na wengine wameidharau kwa hilo. Walakini imehifadhi mtazamo ambao hakuna taarifa ya kampuni iliyouhifadhi: mtazamo wa aliyetazama kutoka jikoni na uani. Kipushi haijampata Yav wake.

Mfano wa nje unaweza kuangaza zaidi. Katika Ubelgiji yenyewe, mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, Marcinelle, uliungua tarehe 8 Agosti 1956, watu 262 wakafa, 136 kati yao wakiwa Waitalia. Leo ni mahali pa kumbukumbu, na tangu 2012 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na migodi mingine mitatu ya Wallonia. Mgodi huo uko katika nchi ya Kifaransa, lakini sentensi inayokumbukwa kuliko zote si ya Kifaransa. Ni maneno mawili ya mwokoaji aliyepanda kutoka chini: tutti cadaveri, wote maiti. Waliokufa walisema Kiitaliano, na kumbukumbu ikakubali kusema Kiitaliano. Tofauti na Kipushi ni kubwa, kwa maana kule kazi imekwisha na hapa inaendelea. Lakini fundisho linabaki. Mahali pa urithi panapokubali lugha ya waliofanya kazi huanza kuwa pao.

6. Hitimisho

Neno linalotumika kwa Kiswahili kutafsiri patrimoine ni urithi, na urithi hauna maana pasipo mrithi. Mali ya marehemu isiyo na mrithi anayetajwa huitwa mali iliyoachwa, na kila apitaye huichukua. Ndiyo sababu suala la nani anasimuliwa Kipushi, na kwa lugha gani, si la anasa. Katika mji ambamo uchimbaji umeanza upya, yapo majengo yatakayobomolewa na yapo yatakayozungushiwa ukuta. Si yote yatakayoweza kuokolewa, na pengine si yote yanayostahili. Maneno hayahitaji kibali cha kampuni. Lakini yana muda wake. Aliyeingia shimoni akiwa na miaka ishirini mwaka 1965 amekwisha kupita themanini. Aliyekuwa kijana wa mwisho kuandikwa kabla ya 1993 anakaribia mwisho wa nguvu zake.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakianzi kutoka mwanzo. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza 2000, ulikwisha kuonyesha jinsi wenyeji wanavyoweza kuleta vitu vyao na habari zao katika jumba la makumbusho. Msanii Sammy Baloji, katika mfululizo wake wa picha wa 2006 uitwao Mémoire, alikata watu kutoka picha za zamani za kampuni akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines. Alichofanya kwa picha ni kile ambacho ziara haijafanya kwa sentensi: amemrudisha mtenda penye pengo lake. Idara za lugha zina sehemu yao katika kazi hiyo, na ni sehemu ambayo hakuna mwingine atakayeifanya: kukusanya majina ya zana, ya ngazi za chini, ya aina za mawe, ya hatari na ya ishara za hatari, kwa matamshi ya waliokuwa wakiyatumia, pasipo kuyanyoosha yafanane na kamusi.

Baada ya hapo, kipimo cha ziara nzuri kitakuwa rahisi. Mwanafunzi akirudi Lubumbashi jioni akijua kina cha shimo namba 5, ameelimika kidogo. Akirudi akijua kwamba posho ilikoma na kwamba watu walilia, ameelimika zaidi kidogo. Lakini akiweza kuimaliza ile sentensi ya kauli ya kutendwa, kwa kutaja baada ya na watu waliolichimba, lugha waliyoonyana kwayo, wake waliozibeba nyumba zao na majirani waliofukuzwa kati yao, hapo ndipo itakapofaa kusema kwamba ameitembelea Kipushi.